Viambishi vya nomino za Kituruki: mwongozo kamili wa umilikishi na uhusika kwa Mswahili

Ukijaza fomu yoyote nchini Uturuki, iwe ya chuo, ya benki au ya kibali cha ukaazi, utakutana na maneno haya: *Adı, Soyadı, Uyruğu, Doğum Yeri, Doğum Tarihi, Baba Adı*. Ukiyatafuta kwenye kamusi utapata *ad, uyruk* (uraia), *yer, tarih*. Zile -ı, -u na -i za mwishoni hazimo, na ndizo zinazobeba kazi yote. *Ad* ni jina, *adı* ni jina lake. *Yer* ni mahali, *doğum yeri* ni mahali pa kuzaliwa. Asiyezijua anajaza fomu kwa kubahatisha.

Mwongozo huu ni kwa anayekwenda kusoma Ankara au Konya, kwa mfanyabiashara anayefuata nguo Laleli, Istanbul, na kwa yeyote anayejua salamu na namba lakini akisikia *arkadaşlarımdan* hajui aanzie wapi.

Vitabu vingi vya Kituruki vimeandikwa kwa ajili ya wazungumzaji wa lugha za Ulaya, ndiyo maana mambo haya huelezwa kama maajabu. Kwa Mswahili si maajabu hata kidogo. Sisi tunasema *mwanangu, mumewe, nduguyo*: nomino imembeba mwenyewe mkiani. Tunasema *nimeona kitabu* na *nimekiona kitabu*, na tofauti tunaijua. Tunasema *pigia* lakini *endea*, *pikisha* lakini *somesha*, kwa sababu irabu ya mzizi ndiyo inayoamua irabu ya kiambishi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoibeba nomino ya Kituruki. Kinachobaki ni mpangilio, pamoja na sehemu moja ambayo Kiswahili hakitusaidii. Hiyo nitaikalia zaidi.

Hatua ya 1: Zitenge irabu nane

Alfabeti ya Kituruki inayotumika leo ilipitishwa kwa sheria ya mwaka 1928. Ina herufi 29, na nane kati yake ni irabu: a, e, ı, i, o, ö, u, ü. Tano tunazo. Tatu ni ngeni:

ı (isiyo na nukta): tamka u, kisha tandaza midomo bila kuusogeza ulimi.
ö: tamka e huku umeviringa midomo kama wa kusema o.
ü: tamka i huku midomo iko kwenye u.

Usizidharau nukta. *Ilık* ni vuguvugu, *ilik* ni uboho wa mfupa. *On* ni kumi, *ön* ni mbele. Kwenye konsonanti, c husomwa kama j ya "jana", ç ni ch, ş ni sh, na ğ haisikiki, bali huivuta irabu iliyoitangulia.

Sasa zigawe irabu makundi mawili, na uyakariri mpaka yatoke bila kufikiri:

Za nyuma: a, ı, o, u
Za mbele: e, i, ö, ü

Hatua ya 2: Jua kwamba kiambishi kina sura zaidi ya moja

Viambishi vya nomino viko vya namna mbili. Namna ya kwanza ina sura mbili tu, a au e: irabu ya mwisho ya neno ikiwa ya nyuma, neno linachukua a, ikiwa ya mbele, linachukua e. Wingi uko hapa: *kitap-lar* (vitabu), *okul-lar* (shule), *ev-ler* (nyumba), *gün-ler* (siku).

Namna ya pili ina sura nne:

baada ya a, ı: ı (kız-ım, binti yangu)
baada ya e, i: i (ev-im, nyumba yangu)
baada ya o, u: u (okul-um, shule yangu)
baada ya ö, ü: ü (göz-üm, jicho langu)

Inayoamua ni irabu ya mwisho ya neno, na kila kiambishi kikishaongezwa, irabu yake ndiyo inayokiamulia kinachofuata. Kuanzia hapa nitaandika A pale panapobadilika a/e, na I pale panapobadilika ı/i/u/ü. Nitaandika D kwa sauti ambayo ni d kwa kawaida, lakini hugeuka t baada ya ç, f, h, k, p, s, ş au t. Watoto wa Kituruki hukariri konsonanti hizo nane kwa maneno *fıstıkçı şahap*. Kariri nawe, yatakufaa kila siku.

Hatua ya 3: Mpachike mwenye mali

Tuanze na neno ambalo lugha zote mbili zinalo kwa sauti ileile na maana ileile: *baba*.

babam: baba yangu
baban: baba yako
babası: baba yake
babamız: baba yetu
babanız: baba yenu (au baba yako, kwa heshima)
babaları: baba yao

Hivyo ndivyo linavyokuwa neno linaloishia na irabu. Likiishia na konsonanti, panahitajika irabu ya kuunganisha, na ile s ya "yake" huanguka: *evim, evin, evi, evimiz, eviniz, evleri*. Kwa ufupi viambishi vya umilikishi ni -(I)m, -(I)n, -(s)I, -(I)mIz, -(I)nIz, -lArI (kilichomo kwenye mabano huingia pale tu kinapohitajika).

Unaweza kutanguliza *benim* (-angu), *senin* (-ako), *onun* (-ake), *bizim, sizin, onların*, lakini si lazima. *Evim* peke yake inatosha, kama *mwanangu* inavyotosha bila "wangu". Ukisema *benim* unatilia mkazo: yangu, si ya mwingine. Mtaani utawasikia wakisema *bizim ev* bila kiambishi, na ni Kituruki halali cha mazungumzo. Kwenye mtihani andika *bizim evimiz* au *evimiz*.

Heshima iko papa hapa kwenye kiambishi. Sisi humwonyesha mkubwa heshima kwa shikamoo na kwa kumwita mzee au mama, lakini tunamwambia "jina lako" sawasawa na mtoto. Mturuki hawezi. Rafiki na mtoto utawauliza *Adın ne?*, mgeni, mwalimu na mwenye umri utawauliza *Adınız ne?* Ukimwambia profesa *adın*, amesikia utovu wa adabu hata kama umetabasamu.

Tena kiambishi cha "-angu" kimejaa kwenye maneno ya kuitana. *Hocam* ni *hoca* pamoja na -m, "mwalimu wangu", na chuoni wahadhiri wote huitwa hivyo. *Efendim*, neno la kuitikia simu, lina -m hiyohiyo. *Canım* ni "roho yangu". Ukiyasikia, umesikia hatua ya tatu ikitumika.

Ili kusema una kitu, Kituruki hakina "kuwa na". Husema kitu changu kipo au hakipo: *Arabam var* (nina gari), *Param yok* (sina pesa), *Kardeşin var mı?* (una ndugu?). Kiambishi ndicho kinachomtaja mwenyewe, kwa hiyo ukikisahau, sentensi imebaki haina mtu.

Jambo moja la kukaa nalo macho: *evleri* inaweza kuwa nyumba yao, nyumba zake, au nyumba zao. Kituruki hakirudii -ler mara mbili. Ukitaka kuondoa utata, tanguliza *onun* au *onların*: *onların evi* ni nyumba yao, moja.

Hatua ya 4: Uhusika, na pale ambapo -ni yetu haitoshi

Uhusika ni kiambishi kinachosema nomino inafanya kazi gani kwenye sentensi. Kituruki kina sita kwa hesabu ya kawaida, na cha kwanza ni nomino tupu isiyo na kitu.

Tuanze na vitatu vya mahali, maana hapa ndipo wengi wetu hukwama. Sikiliza Kiswahili: *niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani*. Neno ni moja, na kitenzi ndicho kinachobeba mwelekeo. Kituruki kinaugawa huo mwelekeo kwenye nomino yenyewe:

-DA, kuwepo mahali: *evdeyim*, niko nyumbani
-(y)A, kuelekea: *eve gidiyorum*, naenda nyumbani
-DAn, kutoka: *evden geliyorum*, natoka nyumbani

Mwanafunzi Mswahili hujifunza -DA kwanza, anaona ni -ni yetu, kisha anaipachika kila mahali. Anasema *evde gidiyorum*, na Mturuki anasikia kitu kama "naenda nikiwa humo nyumbani". Dawa ni kujiuliza kwa Kituruki chenyewe kabla ya kufungua mdomo: *nerede?* (mahali gani ulipo), *nereye?* (kuelekea wapi), *nereden?* (kutoka wapi). Jibu hubeba kiambishi kilekile cha swali. *Nereye? Okula. Nereden? Okuldan. Nerede? Okulda.*

Zoeza kwa miji unayoijua, nayo itakufundisha upatanifu wa irabu bila jasho: *Mombasa'da, Nairobi'de, Kisumu'da, Kigali'de. Dodoma'ya, Zanzibar'a, Nairobi'ye. Kampala'dan, Kigali'den.* Ile y huingia tu pale irabu mbili zinapokutana. Alama ya ritifaa hutenga jina la pekee na kiambishi chake, na kuikosa ni kosa la tahajia. Tanzania kwa Kituruki ni *Tanzanya*, kwa hiyo *Tanzanya'dan geliyorum*, natoka Tanzania. Neno likiishia na mojawapo ya zile konsonanti nane, d imekuwa t: *uçakta* (ndegeni), *sınıftan* (kutoka darasani).

-DA inatumika kwa saa pia: *saat beşte*. Hapo usisahau kwamba saa yao huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri, kwa hiyo *beşte* ni saa yetu ya kumi na moja. Mtu amekosa miadi kwa hilo huku sarufi yake ikiwa safi kabisa.

Viambishi hivi haviishii kwenye mahali. Kila kitenzi kina uhusika wake, na hapa hakuna njia ya mkato: kariri kitenzi pamoja na kiambishi kinachotakiwa nacho, kama unavyokariri nomino ya Kiswahili pamoja na ngeli yake.

Vinavyotaka -(y)A:
*otobüse binmek*, kupanda basi
*derse başlamak*, kuanza somo
*anneme yardım etmek*, kumsaidia mama yangu
*öğretmene sormak*, kumwuliza mwalimu
*resme bakmak*, kuangalia picha
*size teşekkür etmek*, kukushukuru

Vinavyotaka -DAn:
*otobüsten inmek*, kushuka kwenye basi
*köpekten korkmak*, kuogopa mbwa
*köprüden geçmek*, kupita darajani
*sigaradan vazgeçmek*, kuachana na sigara

Kiswahili hakitoi dalili yoyote hapa. Kumsaidia mtu, kumwuliza mtu na kumwona mtu kwetu vinafanana, vyote vina -m-. Kwa Mturuki viwili vya kwanza vinataka -(y)A na cha tatu kinataka kiambishi tunachokwenda kukitazama sasa. -DAn hutumika pia kulinganisha, na hapo ni rahisi: *Nairobi Mombasa'dan büyük*, Nairobi ni kubwa kuliko Mombasa.

Hatua ya 5: -(y)I, yaani "nimekiona"

Kiambishi hiki huwasumbua sana wageni wengine, nasi tunakipata karibu bure. Tazama:

*Kitap okudum.* Nilisoma kitabu.
*Kitabı okudum.* Nilikisoma kitabu.

Pale unapoweka -ki-, -li-, -m- au -zi- kwa sababu kitu kinajulikana, weka -(y)I. Kama ilivyo kwetu kwamba mtu mwenye jina hudai -m- (*nimemwona Ali*, si "nimeona Ali"), Kituruki kinadai *Ali'yi gördüm*. Kinadai kiambishi hicho pia baada ya *bu, şu, o* (hiki, hicho, kile) na baada ya umilikishi: *bu kitabı okudum, kitabımı okudum, babamı gördüm*.

Ulinganisho huu haufiki mia kwa mia. Sisi tunaweza kusema "nimesoma kitabu hiki" bila -ki- na hakuna atakayeshtuka. Mturuki hawezi kuacha -ı kwenye *bu kitabı*. Basi kanuni iwe hivi: ukiwa na shaka, na kitu kinajulikana, weka. Shamirisho (kile kinachotendwa) lisilo na kiambishi hukaa ubavuni mwa kitenzi, na halipendi neno jingine liingie kati: *kahvede çay içtim*, nilikunywa chai mgahawani. Likiwa na kiambishi linapata uhuru wa kusogea: *çayı kahvede içtim*, ile chai niliinywea mgahawani.

Viwakilishi vya nafsi karibu vyote hufuata kanuni: *beni, seni, onu, bizi, sizi, onları*. Viwili vya kukariri ni *bana* na *sana* (kwangu, kwako), ambavyo hubadilisha e ya *ben* na *sen* kuwa a.

Hatua ya 6: Mlango wa nyumba

Sasa tumefika kwenye -(n)In, uhusika wa mwenye kitu, na ile fomu tuliyoanza nayo itafunguka.

Kiswahili kinasema *mlango wa nyumba*: kitu kwanza, mwenyewe baadaye, na kiunganishi katikati kinapatana na kitu. Kituruki kinageuza mpangilio na kuweka alama pande zote mbili: *evin kapısı*, "ya-nyumba mlango-wake". Mwenyewe anabeba -(n)In, kitu kinabeba -(s)I. *Ali'nin kitabı*, kitabu cha Ali. *Babamın adı*, jina la baba yangu. Kuacha upande mmoja wazi ndiyo alama ya mgeni inayosikika upesi kuliko zote. Nafsi ya kwanza hutumia m badala ya n: *benim, bizim*.

Mnyororo unaweza kuendelea kadiri upendavyo: *Ali'nin kardeşinin arabasının kapısı*, mlango wa gari la nduguye Ali. Usome kutoka nyuma, nao unakuwa Kiswahili.

Lakini fomu haikuandika *babanın adı*. Iliandika *Baba Adı*, bila -(n)In, kwa sababu kuna aina ya pili ya mwungano huu wa nomino mbili. Mwenyewe akiwa mahususi, ana kiambishi. Neno la kwanza likiwa linataja aina tu, halina kitu, na la pili linabaki na -(s)I yake. *Okulun müdürü* ni mkuu wa ile shule. *Okul müdürü* ni mkuu wa shule, cheo. *Çay bardağı* ni glasi ya chai, aina ya glasi, hata kama ndani mna maji.

Aina hii ya pili imetapakaa nchi nzima. *Galata Köprüsü* ni Daraja la Galata, *Taksim Meydanı* ni Uwanja wa Taksim, *Topkapı Sarayı* ni Kasri la Topkapı, *İstanbul Üniversitesi* ni Chuo Kikuu cha Istanbul. Kwenye mkahawa: *mercimek çorbası* (supu ya dengu), *domates salatası* (saladi ya nyanya), *portakal suyu* (maji ya machungwa). Kwenye makaratasi: *pasaport numarası* (namba ya pasipoti), *doğum tarihi* (tarehe ya kuzaliwa), *ikamet izni* (kibali cha ukaazi). Ukiona mkia wa -ı, -i, -u, -ü, -sı, -si, -su au -sü kwenye bango, uwezekano mkubwa ni kwamba umeuona mwungano huu. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa mali fulani hakichukui chochote: *altın yüzük*, pete ya dhahabu.

Na ukitaka kusema glasi *yangu* ya chai? Usirundike viambishi viwili vya umilikishi. Ondoa -(s)I, weka kipya: *çay bardağım, pasaport numaram*. Ndiyo maana karani atakuuliza *Telefon numaranız?* na si *numarasınız*.

Mwungano wenye -(n)In ndio unaotupa pia juu, chini, mbele na nyuma. *Masanın üstünde* ni juu ya meza, na muundo wake ni "wa-meza juu-yake-pale". Ukishaliona hilo, unabadilisha kiambishi cha mwisho kulingana na mwelekeo: *masanın üstüne koy* (weka juu ya meza), *masanın üstünden al* (chukua kutoka juu ya meza), *masanın altında* (chini ya meza), *bankanın önünde* (mbele ya benki), *okulun yanında* (kando ya shule).

Hatua ya 7: Ile n ndogo ya katikati

Mpangilio wa viambishi haubadiliki kamwe: mzizi, wingi, mwenye mali, uhusika. *Arkadaş-lar-ımız-dan*: rafiki, wengi, wetu, kutoka kwao. Mwenye mali akiwa mimi, wewe, sisi au ninyi, unaunganisha moja kwa moja: *evimde, evimizden, babama, babanızı*.

Akiwa yeye au wao, n inaingia kabla ya uhusika: *evinde* (nyumbani kwake), *babasına* (kwa baba yake), *arabasından* (kutoka kwenye gari lake), *arabasını* (gari lake, shamirisho). Na kwa kuwa majina kama Taksim Meydanı yana -(s)I ndani yake, nayo hudai n: *Taksim Meydanı'nda, Galata Köprüsü'nden, doğum yerinde*. Wengi hulijua somo la *evinde* lakini hutamka *Taksim Meydanı'da*. Mkia ni uleule, n ni ileile. Majina ya taasisi, kwa kanuni ya Türk Dil Kurumu (Taasisi ya Lugha ya Kituruki), hayatengwi kwa ritifaa: *İstanbul Üniversitesinde*. Magazetini na mitandaoni utakuta ritifaa imewekwa, lakini kwenye mtihani fuata kanuni.

Utata mmoja hauepukiki. *Evinde* ni nyumbani kwako (ev-in-de) au nyumbani kwake (ev-i-n-de), na sauti ni ileile. Muktadha huamua, au unatanguliza *senin* au *onun*. Neno likiishia na irabu, utata huisha: *arabanda* kwako, *arabasında* kwake.

Kiambishi cha "kwa" na "pamoja na", -(y)lA, hakitaki n hiyo: *otobüsle* (kwa basi), *babamla* (na baba yangu), *babasıyla* (na baba yake).

Hatua ya 8: Mzizi unapobadilika

Maneno mengi yenye silabi zaidi ya moja hulainisha konsonanti ya mwisho kikija kiambishi kinachoanza na irabu: *kitap, kitabım, ağaç, ağacı, bardak, bardağı, uyruk, uyruğu*. Likiwa na silabi moja, mara nyingi halibadiliki: *top, topu, saç, saçım*. Majina ya watu hulainika mdomoni lakini si kwenye maandishi: huandikwa *Burak'ın*, husikika *Burağın*.

Kundi jingine huangusha irabu ya silabi ya pili: *ağız, ağzım* (mdomo), *burun, burnu* (pua), *oğul, oğlum* (mwana). Mengi ya kundi hili ni ndugu za maneno yetu kutoka Kiarabu: *izin* (idhini) huwa *izni*, *akıl* (akili) huwa *aklım*, *vakit* (wakati) huwa *vaktim*, *sabır* (subira) huwa *sabrı*. Kiarabu hakikuwa na irabu hapo. Kituruki kiliiingiza ili neno litamkike, na huiondoa mara tu kiambishi kinapoleta irabu yake. Sisi tuliingiza za kwetu, ila hatuziondoi tena.

Maneno ya Kiarabu yana mtego wa pili: baadhi yana a lakini hudai viambishi vya mbele. *Saat, saatim, saatler. Kalp, kalbim, kalpler. Hal, halim. Dikkat, dikkatim.* Na *su* (maji) ina utaratibu wake: *suyum, suyun, suyu*.

Huna haja ya kubahatisha lolote kati ya haya. Kamusi ya Türk Dil Kurumu, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1932, iko bure mtandaoni na huandika mkia wa kila neno gumu: *kitap, -bı, saat, -ti, ağız, -ğzı*. Kwenye vitenzi huonyesha uhusika kwa -i, -e au -den. Kila kitenzi kipya, nakili na kiambishi hicho kwenye daftari.

Hatua ya 9: Fungua sentensi nzima

Jaribu mwenyewe kabla ya kusoma maelezo.

*Pasaportunuzu alabilir miyim?*
Pasaport-unuz-u: pasipoti, yako kwa heshima, shamirisho linalojulikana. "Naomba pasipoti yako." -u ya mwisho imekuja kwa sababu pasipoti ina mwenyewe.

*Babanızın mesleği ne?*
Baba-nız-ın: wa baba yako. Meslek-i imelainika kuwa mesleği: kazi yake. "Baba yako anafanya kazi gani?"

*İkamet iznimi unuttum.*
İkamet izni, kisha -i ya mwungano imeondolewa na -im ya "-angu" imekaa mahali pake, kisha -i ya shamirisho. "Nimekisahau kibali changu cha ukaazi."

*Ayşe'nin kardeşi bizim okulun müdürüyle konuştu.*
Miungano miwili: Ayşe'nin kardeşi, ndugu wa Ayşe, okulun müdürü, mkuu wa shule, pamoja na -yle, bila n. "Ndugu wa Ayşe aliongea na mkuu wa shule yetu."

*Arkadaşlarımdan biri Galata Köprüsü'nün altındaki lokantada çalışıyor.*
Arkadaş-lar-ım-dan biri: mmoja kati ya rafiki zangu. Galata Köprüsü'nün: n ya kwanza ni ile ndogo ya katikati, kisha -ün ya mwenyewe. Alt-ı-n-da-ki: chini, yake, n, mahali, halafu -ki, "iliyoko". Lokanta-da: kwenye mkahawa. Anzia mwisho ukirudi mwanzo: anafanya kazi kwenye mkahawa ulioko chini ya Daraja la Galata, mmoja wa rafiki zangu.